Daktari Clement na Mguu Uliozikwa Ihanja

Baba Paroko, masista, wazee wa Ihanja, ndugu zetu mliotoka Singida mjini, Iguguno, Itigi na kwingineko, walio wa kanisani Tumsifu Yesu Kristo, walio wa msikitini asalaam aleikum, na ninyi wa kule nyuma ambao kipaza sauti hiki hakiwafikii, poleni kwa msiba na poleni kwa matope ya mvua ya jana. Familia ya marehemu Mzee Alute Ntandu imekaa na kuona historia ya mpendwa wetu, Daktari Clement Alute Ntandu, isomwe na shemeji yake, yaani kaka wa mjane, kwa sababu ndugu zake wa damu wameshindwa kufika mwisho wa ukurasa wa kwanza bila kulia, na kwa sababu shemeji anaruhusiwa kumtania marehemu hata akiwa ndani ya sanduku, jambo ambalo marehemu mwenyewe angelidai kama haki yake.

Daktari Clement alizaliwa tarehe 14 Machi 1949 hapa hapa Ihanja, katika nyumba ya tembe iliyokuwa pale lilipo zizi sasa, akiwa mtoto wa tatu kati ya watoto sita wa Mzee Alute na Mama Selina, ambao wote wawili wametangulia mbele ya haki. Alichunga ng'ombe kama watoto wenzake, ingawa wa rika lake waliopo hapa wanasema alichunga vibaya, kwani ng'ombe waliingia kwenye mtama wa watu huku yeye amechuchumaa akichunguza fuvu la mbuzi, na viboko alivyopata kwa ajili ya mtama huo havikumbadilisha hata kidogo.

Alianza darasa la kwanza hapa Ihanja mwaka 1957, akaendelea na shule ya kati Singida mjini kuanzia mwaka 1961 hadi 1964, akachaguliwa kwenda sekondari Tabora, alikosoma kuanzia mwaka 1965 mpaka alipomaliza kidato cha sita mwaka 1970. Baada ya mafunzo ya Jeshi la Kujenga Taifa alijiunga na masomo ya udaktari Dar es Salaam, akahitimu mwaka 1976, na siku aliporudi nyumbani na cheti chake Mzee Alute alimtaka kwanza amtazame ndama aliyekuwa anachechemea, akamtazama, na ndama akapona, na hiyo ndiyo ikawa kazi yake ya kwanza ya mifupa.

Aliajiriwa na serikali mwaka 1977 katika hospitali hapa mkoani, akarudi Dar es Salaam mwaka 1983 kusomea upasuaji, akamaliza mwaka 1986, na mwaka 1988 akahamia Hospitali ya Misheni ya Mlimani, nje ya mji wa Singida, ambako alifanya kazi mpaka mwili ulipokataa. Wenye umri wetu wanaikumbuka miaka hiyo, maduka yalikuwa ndiyo kwanza yanajaa bidhaa baada ya ukame mrefu, ushirika unakufa, mashine za watu binafsi za kukamua alizeti zinaota kando ya barabara, na maduka ya dawa yanafunguliwa kila mtaa, mengine yakiendeshwa na watu ambao jana yake walikuwa wanauza misumari. Rafiki zake wengi madaktari walifungua zahanati zao binafsi, naye akashauriwa hivyo hivyo na watu wengi, akiwemo shemeji huyu anayesoma, lakini alijibu kwamba mgonjwa anayemtaka yeye hapatikani kwenye zahanati ya mtaani.

Tukija kwenye ndoa, marehemu alifunga ndoa takatifu na Felista tarehe 9 Septemba 1978 Iguguno, nyumbani kwa akina Felista, ambako binti huyo alikuwa fundi cherehani anayejulikana, na posa ilichukua muda kidogo kwa sababu bwana harusi alikuja na mifano mingi ya kitabibu na wazee wetu hawakuelewa kama anaoa au anachanja. Mungu aliwajalia watoto watatu, Mathayo aliyezaliwa mwaka 1979, Pendo aliyezaliwa mwaka 1983, na Dina aliyezaliwa mwaka 1988. Mitumba ilipoingia na kuua ushonaji wa nguo mpya, Felista hakufunga cherehani yake, aligeuka kupunguza suruali za Ulaya ziwaenee watu wa Singida, na kwa kipindi kirefu chakula cha nyumba ile kilitoka kwenye pindo za suruali hizo, hilo marehemu alilisema wazi mbele ya kila mgeni.

Sasa tufike kwenye kazi iliyomfanya awe na watu wengi kiasi hiki leo, yaani utafiti wa matibabu ya saratani za mifupa na za nyama laini kwa watoto, alioanza Januari 1989 pamoja na madaktari wenzake wa Dar es Salaam, na tuueleze kwa lugha ya nyumbani kama alivyotueleza sisi. Mtoto anaanguka akiwa anachunga au anacheza, goti linavimba, mzazi anasema ni kuanguka, anampeleka kwa fundi wa mifupa akakandwe, uvimbe unazidi, anakandwa tena, na mpaka anafika hospitali goti limekuwa kama kibuyu, anakatwa mguu, na bado anakufa, kwa sababu ugonjwa umeshatembea kwenda mapafuni. Wakati mwingine uvimbe hauko kwenye mfupa, uko kwenye msuli wa paja au wa taya, lakini mwendo wake ni ule ule. Dawa kali za kuua saratani zilikuwa hazionekani kabla, lakini biashara ilipofunguliwa baadhi ya waagizaji walianza kuzileta, wafadhili wa misheni wakalipia, nazo zikawa zinasafiri na basi ndani ya sanduku la barafu, na swali la utafiti likawa moja, kwamba mtoto akianzishiwa dawa uvimbe ukapungua, kisha akakatwa, kisha akarudishwa kwenye dawa, je, ataishi?

Vifaa vya utafiti huo havikuwa vya kutisha. Uvimbe ulipimwa kwa futi ya kushonea, ambayo marehemu aliichukua kwenye meza ya Felista bila kuomba na hakuirudisha tena, mpaka Felista akanunua nyingine na kuificha.

Mwezi Mei 1990 alilazwa Mlimani mtoto Maryam wa Itigi, binti wa mrina asali aitwaye Abdulmajidi, akiwa na uvimbe wa mfupa juu ya kiwiko, na dawa zilimkubali vizuri sana, uvimbe ukanywea, maumivu yakakoma, mtoto akaanza kuchota maji na kuimba wodini. Siku chache kabla ya upasuaji baba yake alikuja na ndoo ya asali, akaiweka juu ya meza ya daktari, akasema, "Daktari, Mungu akulipe, mtoto amepona, sisi tunarudi nyumbani," na marehemu alimweleza kwamba hajapona, kilichobaki ndani ni mzizi na lazima mkono ukatwe, lakini yule bwana alitabasamu tu, kwa sababu mtu anayemwona mwanae anaimba hawezi kusikia habari ya kukata mkono, na asubuhi yake kitanda kilikuwa kitupu. Maryam alirudishwa mwezi wa tisa akiwa anahema kwa shida, akafia mikononi mwa marehemu. Alimlilia mtoto yule kama wa kwake, na tangu hapo hakuonja asali tena maisha yake yote, hata tulipomwekea kwenye chai alijua na aliisukuma pembeni.

Ndoo aliiosha akaibakiza, akawa anapakia ndani yake chupa za vipande vya nyama vilivyokatwa kwa wagonjwa, ambavyo vilipaswa kupelekwa Dar es Salaam kupimwa, na kwa kuwa treni ndiyo ilikuwa ya uhakika aliituma kutoka Itigi na mhudumu wa hospitali. Safari moja mhudumu alisinzia, mwizi akaona ndoo iliyoandikwa asali ya Itigi, akashuka nayo Manyoni, na alichokikuta ndani hatutakisema mbele ya chakula, ila polisi wa stesheni walisema mtu huyo alikuja mwenyewe kuirudisha ndoo akitokwa na jasho, akaomba afungwe upesi. Marehemu alicheka mpaka akakaa chini, kisha akalia, kwa sababu majibu ya watoto wanne yalichelewa kwa ajili hiyo.

Baada ya Maryam wengine walitoroka kwa namna ile ile, dawa inafanya kazi, uvimbe unapungua, mzazi anashukuru, kitanda kinabaki kitupu, na ikafika mahali wenzake wa Dar es Salaam wakauliza kama kuna maana ya kuendelea na utafiti ambao watoto wake wanaondoka katikati. Marehemu alikuwa na hasira katika kipindi hicho, tuseme ukweli, aliwaita wazazi wale wajinga, na alikuwa na maneno mabaya zaidi kwa mafundi wa mifupa, hasa Mzee Sultani wa Iguguno, ambaye yuko hapa mbele na ananitazama. Alimfuata Mzee Sultani kwa gari la hospitali kwenda kumgombeza, akamkuta anamkanda mtu kiuno, na Mzee Sultani hakusimama wala hakuacha kukanda, alimwambia, "Daktari, wewe una kisu, mimi nina mafuta, watu wanapenda mafuta, sasa ukitaka nikuletee watoto nifundishe nitawajuaje, usije hapa kunipigia kelele." Marehemu alikaa chini akamfundisha, kwamba uvimbe wa kuanguka hupungua wenyewe, na ule usiopungua, unaouma hata mtoto akiwa amelala, usiguswe, uletwe. Watoto waliotoka kwa Mzee Sultani baada ya hapo walifika goti likiwa bado ni goti, na wawili hao waligombana kila walipokutana hadi mwaka jana.

Lakini hilo lilikuwa la kufika, la kutoroka bado lilibaki, na aliyelifungua ni Mama Sijaona, mfanyabiashara wa nguo wa Singida mjini, aliyemleta mwanae Ahmadi mwaka 1991 akiwa na uvimbe kwenye goti la kulia. Ahmadi alipewa dawa, uvimbe ukapungua, siku ya kukatwa ikapangwa, na mama huyo alisimama mlangoni mwa chumba cha daktari akauliza jambo ambalo wengine wote walikuwa wameliogopa, akasema, "Daktari, mguu wa mwanangu ukishakatwa utalala na nani?" Marehemu alimjibu kwa mkato kwamba hospitali ina shimo lake, na mama yule akamchukua mtoto mgongoni, akaanza kushuka ngazi. Alikuwa ameshafika getini, marehemu akamfuata mbio koti likipepea, akamwambia, "Mama Ahmadi, nisamehe, sikiliza, mguu hauna roho, mtoto ndiye ana roho. Mguu nitakupa ukazike kwenu, mtoto nipe mimi."

Mama Sijaona alirudi. Mguu wa Ahmadi ulizikwa karibu na kaburi la babu yake, Singida mjini, na marehemu alihudhuria, akasimama nyuma, na kuanzia hapo ikawa utaratibu wa Mlimani kwamba kiungo cha mtoto hukabidhiwa kwa wazazi kikiwa kimefungwa vizuri, gari la hospitali huwapeleka mpaka nyumbani, na daktari akipata nafasi huenda kuzika. Baadhi ya wakubwa zake waliona ni upuuzi na upotevu wa mafuta ya gari. Yeye alizika miguu na mikono ya watoto kuanzia Iguguno hadi ng'ambo ya Itigi, kwa Wakristo, kwa Waislamu na kwa wasio na dini, na idadi ya wanaotoroka ikaanza kushuka, ingawa haikuisha, na hakujua kwa nini haikuisha mpaka jambo hilo lilipoingia ndani ya nyumba yake.

Mwezi Aprili 1994 Pendo, akiwa na miaka kumi na mmoja, alianguka akicheza rede shuleni, na juu kidogo ya goti la kushoto pakavimba. Marehemu aliutazama uvimbe ule wakati wa chakula akasema ni kuanguka, akasema hivyo hivyo wiki iliyofuata, na wiki ya tatu ni Felista aliyemshika mtoto mkono akampeleka kupigwa picha. Waliokuwepo wanasema daktari aliiinua picha ile dirishani, akaigeuza, akaitazama tena, kama fundi anayetafuta upande wa kitambaa, kisha akaiweka chini, akatoka nje bila kuvaa viatu vyake vya kazi.

Pendo alianza dawa mwezi Mei. Nywele zikadondoka, alitapika mpaka akaichukia hata harufu ya uji, Felista akamshonea kofia kwa vipande vya suruali, na mwezi Julai uvimbe ukaanza kunywea. Kila asubuhi kabla ya chai marehemu alimpima kwa ile futi ya kushonea, akawa anatoka na uso wa mtu aliyepewa zawadi, na siku mtoto aliporudi kwenye rede, kichwa kikiwa na kofia, baba yake alisimama uani akipiga makofi. Upasuaji ulikuwa umepangwa tarehe 2 Agosti, chini ya Daktari Idrissa, msaidizi wake. Aliusogeza wiki moja, kisha akasema tumalizie kwanza duru nyingine ya dawa, kisha akasema kuna bingwa wa mifupa anakuja mwezi wa kumi, kisha akaanza kuulizia Nairobi, ambako alisikia wanaweza kutoa mfupa wakaacha mguu, na Nairobi wakajibu kwamba kwa uvimbe wa ukubwa ule hawawezi, na bado akasema waandikiwe tena.

Daktari Idrissa alimweleza kwa heshima, akanyamazishwa. Wote pale Mlimani walijua kinachotokea, walishakiona kwa wazazi wengi, ila hakuna aliyethubutu kukitaja kwa jina mbele ya mkubwa wao. Ndugu waombolezaji, mtoto alikuwa anakufa huku anacheza rede, na mtu aliyejua hivyo kuliko wote katika mkoa huu ndiye aliyekuwa anampigia makofi.

Felista si mtu wa maneno mengi, sisi tuliokua naye tunajua. Alimngoja mumewe amalize kupima, akaikunja ile futi, akamuuliza, "Baba Mathayo, na sisi ile ndoo ya asali tumpelekee nani?" Marehemu alikasirika sana, alipanda gari akaja huku Ihanja, akashinda shambani akipiga jembe katika ardhi kavu ya Agosti, isiyolimika, na aliporudi alikwenda kulala bila kula. Felista naye hakubembeleza, alikwenda mjini kwa Mama Sijaona, na Jumapili ya tarehe 4 Septemba 1994, baada ya misa, Mama Sijaona akaingia uani kwao akiwa na Ahmadi, mtoto wa miaka kumi na miwili sasa, mwenye mguu mmoja na gongo moja.

Mama Sijaona alimwamkia, akakataa kiti, akasema, "Shikamoo Daktari. Sikuja kukufundisha kazi yako, nimekuja kukurudishia maneno yako, maana uliniazima na mimi nimeshayamaliza. Mguu hauna roho, mtoto ndiye ana roho. Mguu utapewa ukazike kwenu, mtoto mpe Daktari Idrissa." Marehemu alifunika uso kwa mikono miwili, akalia mbele ya watoto, akisema, "Lakini anatembea, Mama Ahmadi, si unamwona anatembea," na Mama Sijaona akamjibu taratibu, "Hata wangu alikuwa anatembea." Wakati wakubwa wanalia, Pendo alikuwa ameshamvuta Ahmadi pembeni, anamuuliza kama anaweza kuendesha baiskeli, Ahmadi akasema anaweza, Pendo akauliza kama haanguki, Ahmadi akasema, "Naanguka, ila upande wa kulia tu."

Kesho yake marehemu aliweka sahihi ya mzazi, na tarehe 6 Septemba Daktari Idrissa alimkata Pendo mguu wa kushoto, huku baba yake amekaa nje kwenye benchi la wazazi, benchi ambalo kwa miaka yote hiyo alikuwa analipita bila kukaa, na baadaye aliagiza liwekewe egemeo. Felista alishona mfuko wa kitambaa cha marekani nyeupe, mshono wa mara mbili, na tarehe 7 Septemba marehemu aliuleta mguu huo hapa Ihanja, akakataa kusaidiwa jembe, akachimba mwenyewe kando ya kaburi la Mzee Alute, na Mzee Sultani alikuja kutoka Iguguno bila kuitwa, akasimama pale mpaka udongo ukarudishwa. Maneno aliyosema siku hiyo wazee wa ukoo waliyasikia na ndiyo yaliyotuleta hapa leo badala ya makaburi ya misheni, alisema, "Mimi nikifa mnilaze hapa, mguu wa mtoto usilale peke yake."

Mwezi Juni 1996 alisimama Dodoma mbele ya mkutano wa madaktari kutoa matokeo ya utafiti, akaeleza kwamba watoto waliomaliza dawa, wakakatwa kwa wakati na kurudi kwenye dawa, karibu nusu yao walikuwa hai, wakati zamani waliosalia walikuwa mmoja mmoja tu, na kwamba wengine, hasa wenye uvimbe wa nyama laini, walitolewa uvimbe tu bila kupoteza kiungo. Alieleza pia habari za waliochelewesha upasuaji baada ya uvimbe kupungua, na mgeni mmoja akasimama kuuliza kuhusu mzazi mmoja aliyetajwa humo kuwa na elimu ya chuo kikuu, akitaka kujua ujinga wa namna gani humpata mtu kama huyo. Marehemu alijibu, "Mzazi huyo ni mimi, na hakuwa mjinga, alikuwa na furaha." Kisha akasema miaka mitano alidhani anapambana na ujinga, kumbe wazazi walikuwa wanaikimbia hospitali kwa furaha, kwa hiyo tangu siku hiyo Mlimani mzazi huambiwa kabla ya sindano ya kwanza kwamba uvimbe utapungua, utafurahi, na siku hiyo ya furaha ndiyo ya kubaki, kisha hukutanishwa na mama ambaye mwanae alishapita njia hiyo. Mama Sijaona amekutanishwa na wengi kuliko anavyoweza kuwataja, na utafiti ulipofungwa mwaka 1999 kitanda kitupu kilikuwa kimegeuka kitu cha nadra.

Marehemu alianza kuugua shinikizo la damu mwaka 2000, nalo likaingia kwenye figo mwaka 2002, akatibiwa hapa mkoani, Dodoma na Dar es Salaam, akiwa mgonjwa msumbufu anayesoma faili lake kichwa chini miguu juu kutoka kitandani na kuwasahihisha madaktari vijana. Mwezi Januari mwaka huu alikataa kurudishwa Dar es Salaam, akasema mtu aliyewaambia wengi ukweli anaujua wake pia, na Alhamisi tarehe 19 Februari 2004, saa nne asubuhi, katika Hospitali ya Mlimani, Felista akiwa amemshika mkono, alifariki dunia, zikiwa zimebaki wiki chache atimize miaka hamsini na mitano. Ameacha mjane, watoto watatu na mjukuu mmoja.

Familia inawashukuru Daktari Idrissa na wauguzi wote wa Mlimani, madaktari wa Dodoma na Dar es Salaam, majirani wa Singida ambao wamelala nje kwa siku hizi, watu wa Ihanja kwa kuni, maji na unga, wenzake wa utafiti waliosafiri usiku kucha, Mzee Sultani aliyekuja na mafuta yake kumkanda marehemu miguu wiki ya mwisho na marehemu akamruhusu, Bwana Abdulmajidi wa Itigi, baba wa Maryam, ambaye amefika leo akakaa nyuma kabisa na tunamwomba asogee mbele na ndugu, na Ahmadi, anayeuza vocha za simu pale stendi na ambaye ndiye aliyewapigia simu wengi wenu. Mtatuwia radhi tuliowasahau, huzuni imetufanya tusione vizuri.

Wale watoto wa Mlimani mliosimama huku kulia, mmekuwa wakubwa, wengine mna watoto wenu, hatukuwaita mmoja mmoja lakini tumewaona. Pendo naye mmeshamwona, yuko mwaka wa pili wa chuo cha ualimu, na tangu asubuhi anazunguka na mguu wake wa bandia akigombana na watu wa jikoni kuhusu chumvi, asiyejua atadhani ni hasira, kumbe anamlilia baba yake kwa namna ile.

Shemeji, Baba Mathayo, Daktari, kaburi lako tumelichimba pale ulipoonyesha. Mama Sijaona aliuliza mguu utalala na nani, leo wa Ihanja umepata wa kulala naye. Pumzika kwa amani kando ya mguu wa mwanao, yeye mwenyewe bado tunaye.